Somo: Faida Imrudiayo Mwenye Kumtumikia Mnyama kwa Hiari Yake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake Yeye aliyeumba kila kitambaacho, kirukacho na kiendacho kwa miguu, akakidhamini riziki yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Somo hili lina sababu yake, na sababu yenyewe si ya fahari kwangu. Walakini sikuona vema kuificha, kwani mwalimu afichaye kosa lake huwafundisha wanafunzi kuficha yao.

Ilikuwa mwezi wa Septemba, kiangazi kimekaza, huku kwetu Ugalla. Mwenye kuijua nchi hii aijua hali yake wakati huo. Mto wa Ugalla, ambao masika huenea mabondeni hata mtu asiuone ukingo wake, hukatika ukawa madimbwi, na ndani ya madimbwi hayo viboko na mamba hubanana wakingoja mvua ya Novemba. Miyombo hupukutisha majani, nyasi huwa majivu, na visima vya vijijini huteremka hata kamba ya jana isifike maji ya leo. Chuoni kwetu maji ya udhu hukaa katika mtungi mmoja chini ya mwembe, na watoto huyachota kwa kata kwa hesabu.

Siku ile nilikuwa nikisomesha Safina, mlango wa tayammamu. Akaja mbwa jike, mbavu zake zahesabika, matiti yake yaning'inia kwa kuwa amezaa karibuni, akajinyoosha chini ya mtungi mahali pachuruzikapo matone, akaanza kulamba udongo uliolowa. Wanafunzi wakainuka na mawe. Nami sikuwazuia. La, nilizidi hapo, nilisema, "Mfukuzeni, asitutie unajisi." Jiwe moja likampata mguu wa nyuma, akaondoka akichechemea na kulia. Wakarudi wakakaa, wengine wakicheka. Ndipo mtoto mmoja mdogo, umri wake haupati miaka kumi na moja, aliponyosha kidole juu ya kitabu akaniuliza: "Maalim, huyu si katika wale tuliowasoma sasa hivi?"

Sikuwa na la kumjibu. Niliwaambia wafunge vitabu, na saa ya magharibi ilikuwa bado.

Yataka nieleze swali lake, kwa kuwa si kila msomaji amepita kitabu hicho. Safinat al-Naja ni kijitabu cha fikihi ya madhehebu yetu ya Shafi, kilichotungwa na Sheikh Salim bin Sumair wa Hadramaut, aliyefariki Batavia, mji uitwao leo Jakarta, mwaka wa 1271 wa Hijra. Hapana chuo katika pwani yetu wala bara kisichokijua. Na katika mlango wa tayammamu mtungaji ametaja sababu tatu za kumruhusu mtu kuacha maji akatumia udongo: kuyakosa maji, ugonjwa, na kuyahitajia maji yale kwa kiu ya mnyama aliye muhtaram, yaani mwenye heshima ya uhai katika sheria. Kisha akawataja wasiokuwa na heshima hiyo, na katika wanyama akawataja wawili tu: mbwa mshari mwenye kuuma watu, na nguruwe.

Tazama basi uzito wa maneno hayo, ndugu yangu. Sala ni nguzo ya dini, na udhu ni ufunguo wa sala. Sheria yamwambia mja aliye jangwani na kibuyu kimoja: kama pana mnyama mwenye kiu, usitawadhe, mnyweshe, nawe upake udongo usoni na mikononi, sala yako ni sahihi. Kiu ya mnyama imetangulizwa mbele ya udhu wa mwenye kusali. Nasi tulikuwa tunayasoma hayo kwa sauti, huku tukimpiga mawe mwenye kiu.

Atasema mwenye kusema: yule hakuwa mbwa wa mwindaji wala wa mchungaji, alikuwa mbwa wa njiani. Nimeliangalia hilo katika sherehe za kitabu. Wanazuoni wamegawanya mbwa mafungu matatu: mshari, huyu hana heshima bila hitilafu, mwenye manufaa ya kuwinda au kulinda, huyu ana heshima bila hitilafu, na asiyekuwa na manufaa wala madhara, huyo ndiye waliyehitilafiana. Na kauli iliyotegemewa kwa Imamu Ramli, aliyefariki mwaka wa 1004 wa Hijra, ni kwamba naye pia ni muhtaram, haifai kumuua. Tena hata yule apasaye kuuawa, Mtume ametuamrisha tukiua tuue kwa wema. Kwa hiyo jiwe la siku ile halikuwa na mlango wa kupitia.

Kosa letu lilikuwa kuchanganya mambo mawili. Unajisi wa mbwa kwetu sisi Mashafi ni hukumu thabiti: alipolamba au alipogusa kwa umajimaji huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Lakini hiyo ni hukumu ya mguso, wala si hukumu ya jiwe. Sheria iliyokufundisha namna ya kuosha chombo alicholamba haikukupa ruhusa ya kumvunja mguu. Damu yako wewe mwenyewe ni najisi ikitoka, wala hapana akuchukiaye kwa hiyo.

Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imo habari mashuhuri aliyoipokea Abu Huraira, ya mtu aliyekuwa safarini akashikwa na kiu, akateremka kisimani akanywa, na alipotoka akamkuta mbwa anahema na kula udongo kwa kiu. Akasema nafsini mwake kwamba mbwa huyu yamempata yaliyonipata mimi. Akateremka tena, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno ili mikono ipate kupandia, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamshukuru, akamghufiria. Masahaba wakauliza kama katika wanyama nako kuna malipo, wakajibiwa kwamba katika kila chenye ini hai kuna malipo. Na kwa upande wa pili imo habari ya mwanamke aliyemfunga paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, akaingia motoni kwa ajili yake.

Nataka msomaji aangalie jambo moja katika habari ya kisima, ambalo mimi mwenyewe nimelisoma miaka mingi bila ya kuliona. Yule mtu hakuwa mwenye mbwa. Mwenye mnyama analazimika. Imamu Nawawi amesema katika Minhaj, mwisho wa mlango wa masurufu, kwamba mwenye mnyama ni wajibu wake kumpa malisho na maji, na akikataa, kadhi humlazimisha auze au alishe, au achinje ikiwa mnyama ni wa kuliwa. Wala asikamue maziwa kwa kadiri ya kumdhuru ndama. Na Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki Misri mwaka wa 660, katika kitabu chake cha Kawaid amezihesabu haki za mnyama juu ya binadamu, akataja kwamba humlisha hata akizeeka au akiugua ugonjwa usiotarajiwa faida tena. Hizo ni deni, na mwenye kulipa deni hasemwi amejitolea. Lakini yule msafiri hakuwa na deni. Hakuna aliyemwona, na mbwa hakuwa na ulimi wa kwenda kumsifu sokoni. Alifanya kwa hiari tupu, na hiyo ndiyo iitwayo tatawwui, yaani kujitolea. Na katika Sura ya Bakara, palipotajwa fidia ya saumu, Mwenyezi Mungu ametujulisha kwamba mwenye kujitolea kwa kheri, hiyo ni bora kwake yeye mwenyewe. Hakusema ni bora kwa mwenye kutendewa tu. Faida yaanza kwa mtenda.

Ni faida gani hiyo? Thawabu ya Akhera twaijua, wala sina haja ya kuirefusha. Nataka kueleza faida ya hapa duniani, ile ionekanayo katika nafsi ya mtu na mwenendo wake, kwa kuwa nimeiona kwa macho tangu siku ile.

Kesho yake niliwaambia wanafunzi nimekosa. Watoto hawajazoea kusikia neno hilo kwa mwalimu, walitazamana. Kisha tukatoboa shauri: tukapata dumu la mafuta lililopasuka, tukalikata kwa ubavu likawa kihori, tukalichimbia chini ya mti mwingine mbali na kisima na mbali na mtungi wa udhu, na nikaomba wenye kutaka wajitolee kulijaza kwa zamu kila asubuhi. Sikumtaja mtu kwa jina wala sikuweka adhabu kwa asiyetaka, kwani jambo likishalazimishwa si tatawwui tena. Walijitokeza saba. Maji yalitoka katika yale ya kuoshea miguu, hata kijiji kisipate sababu ya kulalamika kwamba tunanywesha mbwa na watu wana kiu. Wakaja mbwa, wakaja mbuzi wa jirani, kuku, njiwa, na nyuki wengi sana.

Katika wale saba alikuwamo kijana mmoja niliyekata tamaa naye. Alikuwa akiwapiga wadogo, na fimbo yangu haikumfaa kitu; kila nikizidisha naye alizidisha kwa wenzake. Sijui kwa nini alijitokeza. Labda alipenda kutoka darasani. Baada ya mwezi nilimwona amechuchumaa karibu na kihori, kimya, akimngoja yule yule mbwa mwenye kuchechemea, asimsogelee asije akakimbia. Mtoto aliyeshindwa kukaa kimya wakati wa kurudia juzuu alikaa kimya nusu saa kwa ajili ya mbwa. Sisemi aligeuka malaika. Bado ana ulimi mkali. Lakini mkono wake umetulia. Nami nikafahamu kitu: fimbo yangu ilimfundisha kwamba mwenye nguvu humpiga dhaifu, na kihori kikamfundisha kwamba mwenye nguvu humngoja dhaifu. Tangu hapo nimepunguza fimbo, na wazee wengine wananilaumu.

Basi hiyo ndiyo faida niitangulizayo, nayo ni kulainika kwa moyo. Moyo ni kama ngozi ya ngoma, ukiachwa bila mafuta hukauka ukapasuka. Na hapana mafuta kama kumhudumia asiyeweza kukulipa. Ukimsaidia jirani utangoja salamu zake, ukimsaidia tajiri utangoja zaidi ya salamu, hata maskini ukimpa sadaka, nafsi hunong'ona, "Je, atanikumbuka?" Mnyama amekukatia njia hiyo yote. Wenye kusomesha elimu ya nyoyo wametaabika kueleza namna ya kuponya ria. Mimi nasema, mwenye kuogopa ria na aende akasafishe kidonda cha punda pasipo watu. Atajua mara moja kama alikuwa akitaka radhi ya Mungu au akitaka kutazamwa.

Na faida nyingine ni subira na kujua kuongoza. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba hakuna Nabii ila alichunga kondoo na mbuzi, na Mtume wetu naye aliwachungia watu wa Makka. Wanazuoni wamesema hekima yake ni kwamba mwenye kukusanya mbuzi watawanyikao, huyu mkaidi, huyu mgonjwa, huyu mwoga, hujifunza kuwabeba watu wa namna mbali mbali. Mnyama hadanganyiki kwa maneno. Ukimjia kwa hasira ataijua kabla hujafungua kinywa. Kwa hiyo humlazimu mtu aitulize nafsi yake kwanza. Abdullah bin Jaafar amesimulia, naye Abu Daud amepokea, kwamba Mtume aliingia katika shamba la mtu wa Kiansari akamkuta ngamia, na ngamia alipomwona alitoa sauti ya huzuni na machozi yakamtiririka. Akamwendea akampangusa kichwani nyuma ya masikio hata akatulia, ndipo akamwita mwenyewe na kumhoji juu ya kumtia njaa na kumchosha. Angalia mpango: alimtuliza mwenye kudhulumiwa kwanza, hesabu na mwenye kudhulumu ikafuata.

Habari hiyo ya ngamia yatuhusu sana siku hizi katika mkoa wetu wa Katavi. Zamani nchi hii haikuwa ya ng'ombe, kwa ajili ya ndorobo na malale; kuna watu waliohamishwa na serikali ya Kiingereza kati ya vita viwili vikuu wakakusanywa vijiji vikubwa kwa sababu ya malale. Siku hizi wamekuja ndugu zetu Wasukuma na mifugo yao, na pamoja nao punda. Punda hubeba maji, kuni, mahindi na tumbaku, naye husimama juani akiwa na kidonda mgongoni chini ya kamba kilichojaa nzi. Mwenye kutaka kujitolea haendi mbali. Gunia kuukuu lililokunjwa likawekwa chini ya kamba, chumvi kidogo katika maji ya uvuguvugu ya kuoshea kidonda, ndoo ya maji kabla ya safari ya kurudi: hayo hayahitaji cheti. Ila mwombe mwenye punda kwanza, kwa adabu, wala usianze kwa kumkemea mbele ya watu. Ukimwaibisha, punda ndiye atakayelipa jioni.

Ndugu zetu wa Lamu wametutangulia katika hili. Mji ule wa Waislamu, ambao vichochoro vyake havipitishi gari, mizigo yake mingi huchukuliwa na punda, na tangu mwaka wa 1987 pana zahanati ya chama cha Kiingereza kiitwacho Donkey Sanctuary ambayo hutibu punda bila ya malipo. Sioni haya kusema kwamba wametukumbusha watu wa nje jambo lililomo katika vitabu vyetu. Hekima ni kitu kilichompotea muumini. Akiokotewa na mwingine hushukuru. Na mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wamekubaliana kuzuia kuchinjwa kwa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, baada ya punda wengi kuibiwa na kuuawa. Hapa Tanzania nako, sheria ya ustawi wa wanyama ipo tangu mwaka wa 2008, inakataza kumtesa mnyama. Walakini askari hawezi kusimama katika kila zizi.

Nimewataja nyuki walioijia maji ya kihori. Watu wa Ugalla, Inyonga na Tabora ni watu wa asali tangu babu zetu, na neno langu kwao ni refu kidogo. Mafakihi wa Shafi wamesema waziwazi kwamba mwenye nyuki amewajibika kuwaachia asali mzingani kadiri ya haja yao, khususan wakati wa baridi na wakati maua hayapo, ila akiwapa kitu kingine cha kula. Je, ni warinaji wangapi miongoni mwetu waijuao hukumu hii? Aghalabu mzinga hufunguliwa ukakombwa pamoja na masega ya majana, nao nyuki huchomwa kwa mwenge wa moto usiku, na cheche zikashika nyasi, na moto ukatembea siku tatu msituni. Na Abu Daud amepokea kwa Ibn Masud kwamba Mtume aliona kichuguu cha sisimizi kilichochomwa na baadhi ya masahaba, akawakanya, kwani kuadhibu kwa moto ni kwa Mola wa moto peke yake. Moshi watosha, ndugu zangu. Moshi wa polepole wa gome au wa samadi kavu huwatuliza nyuki wasiunguzwe. Na magome ya miti mikubwa yabandulwayo kwa kutengeneza mizinga humwua mti, na mti uliokufa hautoi ua la mwakani. Mzinga wa mbao hukaa miaka mingi.

Basi kujitolea kwa nyuki ni nini? Ni kuwawekea maji kiangazi, na vijiti au vijiwe ndani yake wapate pa kusimama wasizame. Ni kuwafundisha vijana kurina bila mwenge. Mzee mmoja wa kijijini, mrinaji tangu utoto, amekubali kuacha sega mbili katika kila mzinga. Aliniambia kwamba msimu uliofuata mizinga yake haikuhamwa kama ya jirani. Hiyo ni faida ya mkono kwa mkono, wala si haramu kuifurahia maadamu nia imetangulia. Lakini angalia mipaka: Pori la Akiba la Ugalla lililowekwa mwaka wa 1965 limekuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla tangu mwaka wa 2019, na mambo ya kuingia kwa kibali na kwa msimu, kama walivyofanya warinaji na wavuvi wa zamani, yamekwisha. Najua uchungu wa jambo hilo katika nyumba nyingi. Hata hivyo asitokee mtu akavunja sheria ya nchi akasema anakwenda kuhudumia nyuki.

Wanyama wa mwitu nao wana huduma yao, nayo aghalabu ni kuwaacha. Katika misitu ya magharibi ya nchi yetu, upande wa Issa, kati ya Uvinza na Mpanda, wako sokwe waishio katika miyombo mikavu, na wataalamu wamekuwa wakiwafuata huko tangu mwaka wa 2005. Imejulikana, na kuandikwa mwaka wa 2007, kwamba sokwe wa Ugalla huchimbua mizizi kwa vijiti. Na kule Gombe, kaskazini ya Kigoma, Bibi Jane Goodall alifika Julai 1960 akiwa hana shahada ya chuo kikuu, akakaa kimya kilimani miezi mingi akitazama tu, mpaka sokwe wakamzoea. Akafariki tarehe 1 Oktoba 2025, umri wake miaka 91. Mwaka wa 1991 alianzisha Dar es Salaam na wanafunzi kumi na wawili chama cha vijana cha kuhudumia watu, wanyama na nchi, ambacho kimeenea katika mataifa mengi. Lakini Gombe kuna funzo jingine pia: mwaka wa 1966 sokwe walipatwa na ugonjwa wa kupooza ulio wa wanadamu, wengine wakafa, wengine wakabaki vilema. Kwa hiyo mapenzi ya kumkaribia mno mnyama wa mwitu, kumlisha mkononi au kumfuga mtoto wake, huenda yakawa ndiyo maangamizi yake. Ukimkuta amenaswa na mtego, usimwendee. Waite askari wa wanyama pori.

Faida ya mwili sitairefusha. Mwenye kuamka alfajiri kupeleka maji hutembea, hupata usingizi, na huzuni zake hupata pa kwenda. Kuna mama mmoja mjane wa jirani zetu aliyekuja kuomba zamu ya kihori baada ya eda yake kwisha. Alisema nyumba ilikuwa kimya mno. Sasa ndiye asiyekosa siku.

Yamebaki masuala ambayo watu wameniuliza, na kwa hayo nitafunga.

Wameuliza: je, kihori walambacho mbwa hakitatia unajisi kisima? Jibu: maji ya kihori ni machache, hayafikii kulla mbili, kwa hiyo hunajisika kwa ulimi wa mbwa. Ndiyo maana tumekiweka mbali, na ndoo ya kukijazia haigusi maji ya ndani. Humiminwa kwa juu, na ndoo isipogusa haina haja ya kuoshwa. Kihori kisitumiwe kwa kazi nyingine.

Wameuliza: siku ya chanjo ya mbwa, Muislamu aweza kujitolea kuwakamata? Naam, na mimi naona ni katika kheri kubwa. Kichaa cha mbwa kikishadhihiri kwa mtu hakina dawa; huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao wa Afrika na Asia. Na wataalamu wamesema wakichanjwa mbwa sabini katika kila mia, ugonjwa hukatika kijijini. Siku ya kuukumbuka ugonjwa huu ulimwenguni ni tarehe 28 Septemba, nayo ndiyo siku aliyofariki mwaka wa 1895 Louis Pasteur, Mfaransa aliyevumbua chanjo yake. Nimewaona Waislamu wamebaki nyumbani siku ya chanjo, wakasema, "Sisi hatushiki mbwa," na mbwa wa kijiji ni wale wale wawapitiao watoto wao njiani. Ukimshika mbwa mkavu kwa mkono mkavu, hapana unajisi unaohama. Ukipata mate yake au manyoya yaliyolowa, osha mara saba, moja kwa udongo, mkono na nguo, kisha ukasali. Udhu wako haukuvunjika kwa kumgusa. Ni unajisi wa kuoshwa tu. Kazi hiyo ni ya wakubwa, si ya watoto, na watoto wasiguse mbwa wala vitoto vya mbwa wasivyovijua.

Na aliyeumwa au kukwaruzwa, aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo muda wa robo saa, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachomwe sindano. Asingoje aone kama mbwa atakufa, wala asitosheke na kombe. Kombe ni baraka, na sindano ni sababu ambayo Mungu ameiweka. Mwenye kuiacha sababu amejitia mkononi mwa maangamizi.

Wameuliza mwisho: yule mbwa jike je? Mguu haukunyoka. Katika vitoto vyake vinne viwili vilikufa, na viwili amevichukua mchungaji wa mbuzi wavilinde zizi lake, jambo ambalo sheria imeliruhusu. Mwenyewe bado huja kihorini asubuhi, lakini nikitokea mimi husimama mbali na kungoja niondoke. Wanafunzi huwaacha wote waende karibu naye. Mimi tu ndiye anayeniogopa, nami nimejizoesha kupita njia ya nyuma ya chuo hata amalize kunywa. Wallahu aalam.